Saa 9:30 ya kutoka kazini imefutwa na nani? Uzi wa watumishi wa Mtwara na Lindi

Wakuu, salaam. Leo sipaki mtu mafuta, maana imezidi.

Asubuhi daftari la mahudhurio linapigwa mstari mwekundu saa 1:30 kamili. Chelewa dakika tano kwa sababu boda kapata pancha, jina lako liko chini ya mstari na barua ya kujieleza inakufuata. Alasiri saa 9:30 hakuna anayeshika rula. Kikao kinaitishwa saa 9:00, kinaisha magharibi, na safu ya kutoka haina saini ya mtu.

Halafu uje msimu wa korosho. Saa 4 usiku kwenye grupu la WhatsApp: "Kesho saa 2 asubuhi maafisa ugani na ushirika WOTE ghalani. Ni dharura." Kesho yenyewe Jumamosi. Dharura gani hii inayokuja kila Oktoba? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inalegeza mipaka ya saa kwa dharura isiyoweza kushughulikiwa ndani ya saa za kawaida. Kipindupindu kikiingia, au kimbunga kikikata barabara kama Hidaya ya Mei 2024, hapo hakuna ubishi. Mnada wa korosho unaojulikana tangu mikorosho inatoa maua ni uvivu wa kupanga zamu, basi.

Mipaka yenyewe: saa 9 kwa siku, 45 kwa wiki, siku 6. Kuzidisha ni kwa makubaliano, saa za ziada zisipite 50 ndani ya wiki 4, na malipo ni mara moja na nusu. (Bosi anayesimamia wengine na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu, mipaka hii haimhusu. Ndiyo maana Jumamosi anaiona kama Jumanne.)

Kinachouma zaidi ni kwamba ratiba nyumbufu tunayoililia imo kwenye sheria hiyohiyo. Kwa makubaliano ya maandishi mtumishi anaweza kufanya hadi saa 12 kwa siku, mapumziko ya chakula yakiwemo, bila malipo ya ziada, mradi isizidi siku 5 na saa 45 kwa wiki. Wiki ya serikalini ni saa 40: afisa ugani wa kata ya mbali anazimaliza Jumatatu hadi Alhamisi, Ijumaa inabaki yake. Mkataba wa pamoja (wa chama cha wafanyakazi na mwajiri) nao unaweza kuhesabu saa kwa wastani wa kipindi kirefu: Oktoba hadi Januari tukamuliwe, Machi tupunguziwe. Kama vile iliandikwa kwa ajili ya korosho! Nani amewahi kuitumia huku Kusini? Badala yake kwenye semina tunahubiriwa kufanyia kazi nyumbani. Nesi wa zahanati afanyie nini nyumbani? Na kuna kata za Liwale ukitaka kujaza PEPMIS (mfumo wa mtandaoni wa kupima utendaji wa watumishi) unatafuta mtandao kwanza, kazi baadaye.

Wanaonyonyesha: hadi saa 2 kwa siku, ndani ya saa za kazi. Ombeni kwa barua mkitaja saa zenyewe, mfano kutoka saa 7:30 mchana, maana ruhusa ya mdomo inakufa siku bosi akihamishwa. Likizo ya siku 28 mwajiri anaweza kuipangia tarehe, lakini isivuke miezi 6 baada ya mzunguko wa likizo kuisha. Hadi miezi 12 ni kwa ridhaa yako na sababu ya kikazi. "Subiri msimu uishe" ya miaka miwili haipo popote.

Madai ya saa za ziada yanakwama palepale kila mara: agizo lilikuwa la mdomo, kibali hakuna, mwaka wa fedha unafungwa 30 Juni, dai linageuka deni la zamani. Kwa hiyo piga picha ujumbe wa grupu tarehe ikionekana. Mjibu bosi hapohapo, kwa adabu: "Nimepokea, naomba kibali cha saa za ziada." Sainisha saa ya kuingia na kutoka kwa msimamizi wa eneo siku ileile, wiki ijayo atasema hakumbuki. Dai lipeleke masijala upate muhuri kwenye nakala yako.

Hoja ya wastani wa saa ipelekwe Baraza la Wafanyakazi kupitia tawi la chama, kabla bajeti haijapita. Wajumbe wa vyama vyetu vya wafanyakazi, TALGWU na TUGHE, mliomo humu, makato yetu mnayapata kila mwezi. Kikao kilichopita mliijadili, au mlisaini posho mkaondoka?