Kwani mchezo wa kasino ya mtandaoni nani anaamua uendeje, kasino au studio iliyoutengeneza?

mzururaji88
Wakuu habari zenu. Kuna kitu kinanisumbua kitambo. Nimehama kasino moja nikaenda nyingine nikitegemea mambo mapya, nakuta sloti zilezile, sauti zilezile, hata bonasi inaingia vilevile. Sasa kasino yenyewe kazi yake nini? Na hawa kina NetEnt, Pragmatic Play, Evolution wanaotengeneza michezo wana mkono kiasi gani kwenye ninachokiona na hela ninayoiacha pale? Kila siku nasikia watu wanasema "leo kasino imekaza", yaani hailipi, na mi sielewi inakazaje kama mchezo sio wao. Mwenye kujua atupe darasa.

fundi_seva
Mkuu, kasino nyingi hazijatengeneza hata mchezo mmoja, wanaweka michezo ya studio halafu wanagawana nao mapato. Ukibonyeza kuzungusha, ombi linaenda mpaka kwenye seva ya studio, huko kuna programu ya namba nasibu inatoa namba, namba ndo inaamua umepata au umekosa, jibu linarudi kwenye simu yako likiwa limeshakamilika. Yale magurudumu unayoyaona yanazunguka ni katuni tu ya kukuonyesha kitu kilichokwisha amuliwa, ndo maana hata ukibonyeza tena yasimame haraka hubadilishi chochote.

Kasino wanabaki na akaunti yako, kuweka na kutoa hela, promosheni, na kuchagua mchezo gani ukae juu kwenye ukurasa wa mbele (hilo nalo sio dogo, wengi tunacheza kilicho mbele ya macho). Ila kwamba kuna mtu amekaa ofisini anakukazia wewe binafsi, hapana, michezo ya studio zenye leseni inapimwa na maabara kama eCOGRA au GLI kabla ya kuingia sokoni.

hesabu_tupu
Fundi nakuunga mkono ila umeacha sehemu inayouma. Studio nyingi zinatoa mchezo mmoja kwa matoleo kadhaa ya RTP, yaani asilimia ya madau ambayo mchezo unarudisha kwa wachezaji kwa muda mrefu, na kasino ndo anachagua achukue toleo gani. Angalia Book of Dead ya Play'n GO ya 2016. Toleo linalotajwa sana ni 96.21, lakini lipo la 94.25, lipo la 91.25, na yapo ya chini zaidi ya hapo. Picha zote sawa, muziki sawa, huwezi kujua kwa macho.

Sasa piga hesabu. Kwenye 96.21, kila 100 inayozungushwa kasino anabaki na 3.79 kwa wastani. Kwenye 91.25 anabaki na 8.75. Hiyo ni zaidi ya mara mbili, kwa mchezo uleule! Kwa hiyo imekaza kweli, ila haijakaza leo, ilikaza siku walipochagua toleo. Fungua maelezo ndani ya mchezo wenyewe, kule kwenye kanuni, utaikuta namba, usiichukue kutoka kwenye blogu ya mtu maana atakupa ile ya juu.

Halafu kuna mtawanyiko wa ushindi, yaani ushindi unakuja mara ngapi na ukubwa gani, huo unatoka studio moja kwa moja. Starburst ya NetEnt (2012) inakupa vidogovidogo mara nyingi, hela inakaa. Ukienda kwenye sloti za Megaways za Big Time Gaming, ambazo zinafika njia 117,649 za kushinda kwa mzunguko mmoja, unaweza kukauka muda mrefu sana ukisubiri bonasi moja. Na Lightning Roulette ya Evolution ya 2018, watu wanafurahia zile radi zinazoongeza malipo ya namba mpaka mara 500, wanasahau kwamba namba moja ikipiga bila radi inalipa 29 kwa 1 badala ya 35 ya ruleti ya kawaida. Radi imelipiwa na hizo sita zilizokatwa.

sauti_na_picha
Mi nitaongelea upande wa hisia maana naona hausemwi na unaniuma sana. Umeweka 100, imerudi 30, mchezo unapiga muziki, sarafu zinaruka, unahisi umeshinda na umepoteza 70. Hiyo mtu amekaa akaibuni. Uingereza mwaka 2021 walipiga marufuku mbwembwe hizo za kushangilia hasara kwenye sloti za mtandaoni, wakakataza pia kujizungusha zenyewe, na mzunguko usipungue sekunde 2.5. Studio zikarekebisha, na sloti zinaendelea kuchezwa kule. Kwa hiyo kumbe inawezekana, ni kwamba kwingine hawajalazimishwa tu.

mzururaji88
Asanteni sana, nimeelewa kuliko nilivyotegemea. Na Aviator je, ule mchezo wa ndege inayopaa na unatakiwa utoe hela kabla haijaondoka? Ile wanasema unaweza kuhakiki mwenyewe, na kuna app zinauzwa za kutabiri ndege itaondoka saa ngapi.

hesabu_tupu
Hizo app ni wizi ndugu yangu, usitoe hata senti. Aviator ni ya Spribe, matokeo ya kila raundi yanatokana na namba ya siri ya seva ikichanganywa na namba za wachezaji watatu wa kwanza kuweka dau, sasa app itajuaje namba ya mtu ambaye hajabeti bado? Kuhakiki kupo kweli, raundi ikiisha unaweza kukagua kwamba hakuna aliyechezea matokeo. Lakini ile RTP ya 97 haiondoki, 3 ya mwenye mchezo iko palepale hata kila raundi iwe safi kabisa.