Ushauri: Wanafunzi wakichanganya nyekundu na bluu wanapata tope, zambarau haitoki

Mwl_Jumamosi:
Wakuu, habari zenu. Nafundisha uchoraji kwa watoto wa darasa la sita na la saba hapa Tanga, kila Jumamosi. Tumefika kwenye gurudumu la rangi, lile duara linaloonyesha rangi zinavyochanganyika. Njano na bluu walipata kijani, wakapiga makofi. Njano na nyekundu, ikatoka rangi ya chungwa safi kabisa. Kufika nyekundu na bluu, kila meza ikatoa kitu cheusicheusi chenye ukahawia. Mtoto mmoja akaniuliza, "Mwalimu, kwani kitabu kimekosea?" Nataka nimpe jibu la kweli. Rangi ni zile za maji za kopo. Tatizo ni nini, na watoto wa umri huo niwaeleze vipi?

Mzee wa Brashi:
Mwalimu, huyo mtoto mlee vizuri, ameuliza swali la mchoraji.

Kitabu kimesema kweli nusu. Hakuna kopo lenye nyekundu tupu, kila rangi ya dukani inaegemea upande fulani. Nyekundu nyingi za bei ya kawaida zinaegemea kwenye chungwa, maana yake zina unjano ndani. Na kuna bluu inayoegemea kwenye kijani, nayo ina unjano. Ukizikutanisha hizo mbili, tayari rangi zote tatu za msingi (nyekundu, njano na bluu) zipo kwenye sahani moja, na zikikutana zote tatu zinauana. Ndiyo maana chungwa lenu lilitoka safi: nyekundu ile ilikuwa imeshaelekea huko.

Sababu yenyewe ni mwanga. Rangi ya kupaka inanyonya sehemu ya mwanga na kurudisha inayobaki. Nyekundu yenye uchungwa inanyonya karibu bluu yote, bluu yenye ukijani inanyonya wekundu. Kinachobaki kurudi machoni ni kidogo sana, basi unaona giza.

Jaribio: kila mtoto achukue tone la nyekundu, alizimue kwa maji mengi, apake kwenye karatasi nyeupe. Ikibaki nyembamba namna hiyo utaona inaelekea wapi, kwenye chungwa au kwenye pinki. Fanyeni hivyo hivyo na bluu, kabla ya kuchanganya chochote.

Printa_Mjini:
Nakazia hapo kwa mzee. Mimi niko kwenye stationery. Ukifungua printa ya rangi hukuti nyekundu wala bluu ya kitabuni. Unakuta samawati, majenta (ile pinki kali inayoelekea zambarau), njano na nyeusi. Nyekundu yote unayoiona kwenye picha imetoka kwa majenta na njano. Mpe huyo mtoto pinki kali na bluu, zambarau ataipata hapo hapo.

Mama Wawili:
Samahani wakuu, mtihani unataka nyekundu, njano na bluu. Hamwoni mtawachanganya watoto?

Mzee wa Brashi:
Mtihani wajibu hivyo hivyo, dada yangu, hakuna ubaya. Ila sahani ya rangi haisomi mtaala. Mtoto akijua kwa nini zambarau imegoma, hatajiona hana kipaji. Wengi wanaacha kuchora hapo hapo.

Fundi Bango:
Naongeza la weusi. Watoto wakitaka kivuli wanakimbilia nyeusi. Waambie watie nyeusi kidogo kwenye njano waone: inatoka kijani cha majani makavu! Nyekundu ukitaka iwe nzito, tia kijani kidogo sana, ndiyo inayoitazama kwenye gurudumu. Na siku zote anza na rangi nyepesi, uingize nzito kwa ncha ya brashi. Ukianza na bluu utamaliza kopo la njano unaitafuta kijani.

Wapeleke pia waangalie michoro ya Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alianza Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za mafuta zinazong'aa juu ya hadibodi. Usuli unakauka kwanza, ndipo mnyama anaingia juu. Rangi hazipati nafasi ya kuchafuana.

Binti Pwani:
Msisahau jirani ya rangi. Chukua kisutu, khanga ile ya harusi: nyekundu, nyeusi na nyeupe. Wekundu wake unawaka kwa sababu ya weusi ulio pembeni. Mkemia Mfaransa Chevreul aliletewa malalamiko kwenye kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins kuwa nyuzi nyeusi zimefifia. Akagundua rangi nyeusi yenyewe haina kosa, kosa ni rangi zilizowekwa kando yake. Alichapisha kitabu kuhusu jambo hilo mwaka 1839. Darasani kata vipande viwili vya karatasi ya kijivu ile ile, kimoja kiweke juu ya nyekundu, kingine juu ya kijani, uwaulize kama vinafanana. Watabishana mpaka uviweke pamoja.

Mwl_Jumamosi:
Asanteni sana, nimepata zaidi ya nilichoomba. Swali la mwisho: hela yangu inatosha makopo manne. Ninunue yapi?

Mzee wa Brashi:
Njano ya limau, pinki kali, bluu na nyeupe. Nyekundu mtaitengeneza wenyewe kwa pinki na njano. Nyeusi iache dukani kwanza. Na weka ndoo mbili za maji, moja ya kuoshea brashi na nyingine ya kuzimulia rangi, maana maji machafu nayo yanaleta tope.

Fundi Bango:
Na vitambaa vya kufutia, mwalimu. Vingi.