Simu inadai kalenda "imesawazishwa" huku seva haina habari: nimechoka kuambiwa nifute akaunti

Wakuu, nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Kwa majuma matatu sasa kalenda iliyo kwenye simu yangu na ile iliyo kwenye seva ya barua pepe ya kazini kila moja imeshika njia yake, na muda wote huo, chini ya jina la akaunti, simu imekuwa ikiniandikia kwa utulivu kabisa: "Imesawazishwa sasa hivi". Niliyaamini maneno hayo, na yamenigharimu.

Kikao nilichokikosa kilikuwa kwenye kalenda ya pamoja, hivyo hakikuwa na barua ya mwaliko ambayo ingenishtua. Siku ya Jumatatu mwandaaji alikirudisha nyuma, kutoka saa tano asubuhi hadi saa tatu. Seva ilipokea mabadiliko hayo na wenzangu wote wakayaona. Mimi nilikuwa safarini, simu ndiyo iliyokuwa kalenda yangu ya pekee, na Jumatano niliingia ukumbini saa tano kasoro robo nikiwa na furaha ya mtu aliyewahi, nikakuta watu wanakusanya makaratasi. Nilisimama mlangoni nikatoa simu. Ilikuwa bado inaonyesha saa tano, na chini yake yale maneno yaleyale.

Nilipopeleka malalamiko kwa huduma kwa wateja wa kampuni inayotengeneza programu hii ya kalenda, nilianza kupigwa danadana. Wa kwanza aliniambia nizime simu kisha niiwashe. Wa pili alinitaka niiondoe programu kwenye hali ya kuokoa betri, na huyo simlaumu, kwa sababu ni kweli kwamba simu nyingi huzima kazi za chinichini ili chaji idumu, na kalenda huwa miongoni mwa wahanga wa kwanza. Nilifanya hivyo, nikaambulia patupu. Wa tatu alishikilia kwamba tatizo ni ukanda wa saa, kwa kuwa kikao kilipishana kwa saa mbili kamili. Nilimweleza kwamba kama ukanda wa saa ungekuwa na hitilafu, matukio yote yenye saa yangesogea pamoja, ilhali kwangu lilikosea moja tu, lile lililobadilishwa Jumatatu. Hakujibu hoja hiyo. Alinitumia tena maelekezo yaleyale, neno kwa neno.

Wa nne ndiye aliyeniumiza. Aliandika: "Futa akaunti, kisha uiweke upya." Sikuulizwa kama nina tukio lolote nililoliandika kwenye simu ambalo halijafika kwenye seva. Nilifuta. Wakuu, naomba jambo hili lieleweke vizuri, kwa sababu ushauri huo unatolewa kila mahali kana kwamba hauna madhara. Matukio ya akaunti yaliyomo ndani ya simu ni nakala. Ukiifuta akaunti, simu huziondoa nakala zote kwa kuamini kwamba asili yake ipo salama kwenye seva. Tukio ambalo halikuwahi kupandishwa halina asili popote, na likifutwa kwenye simu limekwenda. Nilipoteza manne kwa namna hiyo, moja likiwa miadi ya daktari niliyoisubiri kwa miezi miwili. Tarehe nilikuwa naikumbuka, lakini saa sikuikumbuka.

Tena maelekezo ya kuiweka upya akaunti yalinitaka nichague IMAP. Nilipomaliza, barua zilirudi zote na kalenda haikuonekana kabisa. Mtu anayelipwa kusaidia watumiaji wa kalenda anapaswa kujua kwamba IMAP ni itifaki, yaani kanuni za mawasiliano, ya barua pepe na haibebi kalenda. Kalenda husafiri kwa njia nyingine: ama CalDAV, ambayo kanuni zake zilichapishwa mwaka 2007 katika hati ya RFC 4791 (RFC ni hati zinazoeleza kanuni za mtandao), ama Exchange ActiveSync, njia ya Microsoft, kwa seva zinazoitumia. Mtu anaweza kuwa na barua zinazoingia vizuri kila dakika huku kalenda yake ikiwa imekufa, na kuingia kwa barua hakuthibitishi chochote kuhusu kalenda.

Baada ya hapo niliamua kuchunguza mwenyewe. Niliiweka akaunti kwa CalDAV, kila kitu kikarudi, na kwa siku kadhaa nilidhani yamekwisha. Kisha nikakaa siku tano mahali pasipo na mtandao, na niliporudi ugonjwa ukarudi vilevile. Safari hii niliilaza simu kando ya kompyuta, nikafungua kalenda ya seva kwenye kivinjari, nikaunda tukio liitwalo "Jaribio 1" kwenye seva na jingine liitwalo "Jaribio 2" kwenye simu. Nilibonyeza kitufe cha kusawazisha. Alama ya mishale ilizunguka mara mbili, ikasimama, na maneno "Imesawazishwa sasa hivi" yakatokea. "Jaribio 1" halikushuka na "Jaribio 2" halikupanda. Nikaunda kalenda mpya tupu ndani ya akaunti ileile, nikaiwekea tukio moja, na hiyo ilisawazishwa kwa chini ya dakika moja, kwenda na kurudi. Kwa hiyo nenosiri lilikuwa sahihi, mtandao ulikuwepo, cheti cha usalama cha seva kilikubalika, na kilichokwama ni kalenda moja tu.

Nilimwomba msimamizi wa seva yetu aniangalizie kumbukumbu za seva, yaani orodha ya kila ombi linaloifikia na jibu lake, na huko ndiko ukweli ulikokuwa. Usawazishaji wa CalDAV kwa kawaida haushushi kalenda nzima kila mara. Seva humpa mteja, yaani programu ya simu, tokeni inayosema "mpaka hapa umekwishaona", na safari inayofuata simu huirudisha tokeni hiyo ili ipewe yale tu yaliyobadilika tangu hapo. Seva haiwezi kutunza historia ya mabadiliko milele, na yetu hutunza ya siku chache. Simu ikikaa bila mtandao kupita muda huo, tokeni yake hukataliwa. Hati ya RFC 6578 ya mwaka 2012 inayoeleza utaratibu huu iliona hali hiyo mapema: tokeni ikikataliwa, mteja anapaswa kuiacha na kuanza upya kwa kuisoma kalenda yote. Programu yangu haifanyi hivyo. Kila baada ya dakika 15 ilituma tokeni ileile iliyokufa, seva ikajibu kwa kosa namba 403, yaani ombi limekataliwa, na programu ikanyamaza. Kwa kuwa huanza kwa kushusha ndipo ipandishe, ikikwama kwenye kushusha haipandishi kitu pia. Msimamizi alinionyesha mistari hiyo kwenye skrini, mmoja chini ya mwingine, mchana na usiku, mamia ya makosa yanayofanana. Na kwa kila mstari mmoja wa kosa, simu iliniandikia kwamba imesawazishwa.

Hilo ndilo linalonikasirisha kuliko hitilafu yenyewe. Programu zote zina hitilafu, na ningeisamehe hii siku ileile kama ingeniambia "nimeshindwa". Maneno yale yalipaswa kuonyesha muda wa mwisho wa kufanikiwa, lakini yanaonyesha muda wa mwisho wa kujaribu, na mtumiaji hana namna ya kutofautisha. Nimewaandikia mara tatu nikiambatisha kumbukumbu hizo. Jibu la mwisho nililopata ni kwamba wameufunga mjadala kwa sababu "tatizo limetatuliwa baada ya kuweka akaunti upya". Halijatatuliwa. Kuweka akaunti upya huipa simu tokeni mpya, basi, na siku nitakapokaa tena bila mtandao itakufa kama ya kwanza.

Kwa yeyote aliyefika hapa akiwa na tatizo la kufanana, kabla ya kugusa akaunti angalia kwanza kama matukio yako mapya yanaandikwa kwenye kalenda ya akaunti na si kwenye ile ya ndani ya simu, ambayo haiendi popote. Kama unatumia ActiveSync na yanayokosekana ni ya zamani tu, tazama mpangilio wa kipindi cha kusawazisha, kwani huenda umewekwa majuma mawili ya nyuma. Kisha fanya jaribio la matukio mawili kama nilivyofanya, na lile la kalenda mpya tupu. Ikibidi kufuta akaunti, toa kwanza nakala ya kalenda kutoka kwenye simu kama faili la .ics, ambalo ni faili la kuhifadhia matukio ya kalenda, au kama programu yako haina uwezo huo, piga picha ya skrini ya kila wiki iliyo mbele yako. Ni kazi ya kuchosha, lakini ningeifanya, miadi yangu ingekuwepo.

Ninachowadai watengenezaji ni kwamba programu ionyeshe kosa pale kosa linapotokea, ianze upya tokeni inapokataliwa, na watu wao wa huduma wasimwambie tena mtu afute akaunti kabla ya kumuuliza ana nini ndani yake. Na kwenu wakuu nina ombi moja: mwenye programu ya simu ambayo ameiona kwa macho yake ikipona yenyewe baada ya tokeni kukataliwa, ataje jina lake na toleo lake hapa chini. Nitaijaribu leo usiku kwenye kalenda ya majaribio, na nitarudi kueleza seva ilirekodi nini.