Re: BGS (hati ya ofisi ya ajira ya kulipia kozi) imekataliwa, na kibali changu cha kuishi je?

Baba Salma, Sindelfingen:
Shikamooni wakubwa. Kiwanda chetu cha vipuri vya giaboksi kimetuweka Kurzarbeit, yaani saa za kazi zimepunguzwa. Meneja anasema sasa wanatafuta watu wa kupima kamera na rada za magari yanayojiendesha. Nimepata kozi, nikaomba BGS, mshauri wa ofisi ya ajira akanikatalia kwa mdomo eti bado nina ajira. Kibali changu kimefungamanishwa na mwajiri huyu. Nikiingia kozini, kibali kinasimama? Miadi ya uhamiaji haipatikani.

Mama Neema, Esslingen:
Pole mdogo wangu. Mwenye ajira naye husaidiwa, § 82 ya sheria ya ajira (SGB III) ipo. Kozi izidi saa 120 na chuo kiwe na AZAV, ithibati ya watoa mafunzo. Dai jibu kwa maandishi, ukiwa na barua ni rahisi kuandika Widerspruch, yaani pingamizi. Mume wangu walimzungusha hivyohivyo, alipodai barua lugha ikabadilika.

Mjomba wa Wolfsburg:
Dada, unampoteza kijana. Inayomfaa ni Qualifizierungsgeld, fidia ya mshahara kwa mfanyakazi aliye kozini, ipo tangu Aprili 2024, na anayeomba ni mwajiri. Hufidia asilimia 60 ya mshahara neto unaopotea, 67 kwa mwenye mtoto. Aende Betriebsrat, baraza la wafanyakazi, kwanza.

Mama Neema:
Mjomba, viwanda vidogo vingi vya vipuri havina Betriebsrat. Wolfsburg, mji wa Volkswagen, si Ujerumani nzima.

Fundi, Stuttgart:
Jamani, kazi ipo, ila imehama. Nendeni uwanja wa ndege, maegesho ya P6. KBA, mamlaka ya magari ya Ujerumani, waliidhinisha 2022 mfumo wa gari kujiegesha lenyewe pale: mwenye gari anashuka, anabonyeza simu, Mercedes inaondoka kiti kikiwa kitupu, usukani unajizungusha. Vihisio (sensors) vilivyofungwa ndani ya jengo ndivyo vinavyoliongoza. Vile vinataka mtu wa kuvifunga na kuvipima. Baba Salma, usiiache hiyo kozi.

Binti Mvita, Hannover:
Huku kwetu ID. Buzz ya kujiendesha, gari la umeme la Volkswagen, inatoka kiwanda kilekile cha mabasi yao madogo ya zamani. Wakati huohuo ZF, kampuni ya vipuri vya magari, walitangaza 2024 kupunguza hadi nafasi 14,000 Ujerumani. Roho inaniuma nikikumbuka nyumbani. Mombasa tunaunganisha magari tangu miaka ya 70, na bado barabara zimejaa mitumba ya Japani. Mafundi wetu wanaopunguzwa huku wangeitwa wakafundishe vyuo vya ufundi, serikali iwalipe vizuri. Mwenye kumjua mtu wizarani, Nairobi au Dodoma, aniandikie pembeni. Barua nimeshaianza.