Loji ya Watamu: hati ya babu na kisima kilichoingia munyu

Karani wa Mida
Wadau, naomba mwongozo. Naweka hesabu za loji ya vyumba 8 karibu na Watamu. Wenyewe ni mume na mke wa ukoo wa walowezi. Ploti aliinunua babu ya mume 1954, na hati ni ya milki ya kudumu. Babu alizaliwa Naivasha 1908, baba Nakuru 1936, mume mwenyewe Mombasa, Juni 1964. Mume ana pasipoti ya Uingereza tu, mke ni raia wa Kenya. Tangu 2005 ardhi iko kwa jina la kampuni yao, hisa nusu kwa nusu. Benki inauliza kama ile milki ya kudumu bado ipo. La pili, kisima kimeingia munyu tangu tufunge pampu mpya ya lita 3,000 kwa saa. Tuchimbe zaidi?

Mzee wa Masjala
Hiyo nusu kwa nusu ndiyo inayowaponza. Kwa Kifungu cha 65 cha Katiba ya 2010, kampuni huhesabiwa raia pale tu hisa zote ziko kwa raia. Hisa moja ya mgeni yatosha kuiharibu. Asiye raia hashiki ardhi zaidi ya miaka 99 ya kukodishwa, na milki ya kudumu aliyokuwa nayo ilirudi kwa Jamhuri 27 Agosti 2010, naye akastahili kupewa miaka 99 kwa kodi ya jina tu. Karatasi kusema vingine hakubadilishi kitu.

Lakini kabla ya kugawa hisa upya, chunguzeni uraia wa mume. Tarehe 12 Desemba 1963, mtu aliyezaliwa Kenya, akiwa raia wa Uingereza na Makoloni, na mzazi wake mmoja naye kazaliwa Kenya, alikuwa raia wa Kenya bila kuomba. Baba wa 1936 anaingia hapo kwa sababu ya babu wa Naivasha. Sheria ya zamani haikutaka uraia pacha, kwa hiyo huenda baba aliupoteza baadaye, ila Juni 1964, mume alipozaliwa, ilikuwa mapema mno kuwa ameshaupoteza. Mtoto wa raia ni raia wa kuzaliwa, na Kifungu cha 14(5) cha Katiba ya 2010 kinaruhusu aliyeupoteza kwa kuchukua uraia mwingine aombe kurudishiwa. Mpelekeeni wakili vyeti vitatu: babu, baba, mume. Cha babu kikikosekana, mnyororo umekatika.

Mpekuzi
Cheti cha babu kikikosekana, anzeni na daftari za ubatizo za kanisa la eneo lile, kisha Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue, Nairobi. Gazeti rasmi la serikali lina matangazo ya mirathi, lakini hayo huthibitisha kifo na mali, si mahali pa kuzaliwa. Wengi hupoteza wiki kwenye orodha za abiria waliotoka Uingereza kwa meli, zilizo kwenye Nyaraka za Taifa za huko, Kew, London (faili za BT 27, 1890 hadi 1960). Mle mtamkuta baba wa babu akipanda meli. Babu wa Naivasha mnamtafutia nini bandarini?

Fundi Visima
Msichimbe! Maji matamu huku pwani yanaelea juu ya maji ya bahari, na ukishuka unayafuata ya chumvi. Pampu ya lita 3,000 inavuta kwa nguvu, chumvi inapanda chini yake kama kichuguu. Pimeni kwa kipima chumvi: sampuli ya kwanza pampu ikiwashwa tu, ya pili baada ya saa moja. Ikipanda, kosa ni la pampu. Zikiwa sawa na zote za munyu, basi eneo lenyewe limeingiliwa.

Wageni 16 pamoja na jiko na dobi, wekeni lita 5,000 kwa siku. Pampu ndogo ya lita 500 kwa saa inazitoa kwa saa 10 na kuzijaza tangini. Mdomo wake uning'inie mita moja tu chini ya uso wa maji. Ikishindikana, chimbeni visima viwili vifupi vinavyopokezana, mbali na shimo la choo. Mashine ya kuchuja chumvi ni ya mwisho, kwani inatema maji makali ya chumvi, na wapo wanaoyarudisha kisimani!

Karani wa Mida
Na maji ya mvua? Paa lote ni makuti.

Fundi Visima
Ya makuti hutoka na rangi ya chai, yafaa bustani tu. Jengeni banda la dobi la mabati: mita 100 za mraba hutoa lita 100 kwa kila milimita ya mvua, toeni robo kwa upotevu. Misumari na vishikio viwe vya chuma cha pua cha daraja la 316. Cha 304 hutoa madoa ya kutu karibu na bahari.