Mnaobeba spika kwenda porini na nyie mnaotukodishia mahema mabovu, leo tuongee

Wakuu, nafungua uzi huu nikiwa na mafua na hasira. Mafua nimeyatoa Ngorongoro, hasira nimezitoa kwa binadamu wenzangu niliokuwa nao huko. Mods naomba msiuhamishie kwenye utani maana niko siriasi.

Niweke wazi kabla watu hawajaanza, mi kulala kwenye hema napenda. Nimelala Mikumi, nimelala Lushoto, Kilimanjaro nimepanda kwa Machame ambako unalala hema kila usiku, sio Marangu kwenye vibanda vyenye vitanda. Kwaiyo asije mtu hapa na "ungekaa kwenu kama hutaki shida". Shida nazijua, na nyingine nazilipia kwa hiari yangu.

Sasa iko hivi. Wikiendi ya Sabasaba nikajiunga na tripu moja ya grupu la WhatsApp, mwandaaji simtaji, wanaomjua wanamjua. Bango limepambwa, hema jeupe, taa za rangi, shuka nyeupe zimekunjwa umbo la bata, dada kashika kikombe anatabasamu. Chini wameandika KILA KITU KIPO, NJOO NA NGUO ZAKO TU. Tunaenda kulala Simba, ile kempu iliyopo ukingoni mwa kreta, lile shimo kubwa la volkano. Nikalipa yote, sio advansi, yote.

Wakuu ambao hamjafika, ukingo wa kreta uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Na mwezi wa saba ndo kipupwe chenyewe, usiku joto linashuka chini ya nyuzi 10 na ukungu unakuja mzito mpaka tochi inamulika ukuta mweupe. Hii sio siri, dereva yeyote wa tua pale Arusha anakwambia bila kumuuliza. Mtu anayefanya biashara ya kupeleka watu kule hana kisingizio cha kutokujua.

Tumefika jioni, tunagawiwa mahema. La kwangu zipu imekufa, wamefunga na pini za nepi. Fito moja imevunjika ikazungushiwa solotepu ya bluu. Pegi, vile vigingi vya kukazia hema chini, nimepewa tatu, nauliza zingine naambiwa "weka mawe bro". Afu turubai la juu sio la hilo hema, ni la hema lingine dogo, limeishia katikati kama kaptula. Sasa ngoja niwaeleze kwanini hili linauma. Hema zuri lina ngozi mbili, ya ndani na turubai la nje, na katikati lazima pabaki nafasi. Ukilala, pumzi yako usiku kucha inatoa unyevu, ule unyevu unapita ngozi ya ndani unakwenda kuganda matone kwenye turubai la nje, yanateremka chini, wewe unabaki mkavu. Turubai likilegea likagusana na ngozi ya ndani, basi yale maji yote yanarudi kwako. Changanya na ukungu wa kreta. Saa nane usiku nadondoshewa tone la paji la uso, tulia kidogo, lingine sikioni, yani mvua hakuna na mi nanyeshewa ndani ya nyumba yangu.

Na kigodoro! Unene wa chapati wakuu, na sio ile ya maziwa, ile ya hotelini ya kukandamizwa. Watu wengi wanadhani baridi ya hema inatoka juu, wanajazia mablanketi kifuani. Baridi inatoka chini. Slipingibegi hata ikiwa nzuri, upande unaoulalia unabanwa na uzito wako, ile hewa inayotunza joto inaisha, unabaki wewe na ardhi, na ardhi inanyonya joto lako mpaka asubuhi. Ndo maana kigodoro ni cha muhimu kuliko hata hema lenyewe. Mwandaaji nilipomwambia akanijibu "camping ndo ilivyo kaka, jifunze maisha". Yeye mwenyewe usiku amelala wapi? Kwenye gari, kafungulia hita. Nimemuona kwa macho yangu vioo vimejaa mvuke.

Chakula sasa. Wametoka na mpishi wao Dar, kijana mchangamfu simlaumu sana, ila hakuna aliyemwambia anakwenda wapi. Saa kumi na moja jioni ndo anabandika maharage makavu ambayo hayakulowekwa. Kule juu maji yanachemka kwenye nyuzi kama 92 badala ya 100, yani sufuria inaruka mapovu vizuri tu ila moto wa ndani ya maji ni mdogo kuliko uliouzoea Mbagala. Ukiyaona yanachemka unasema tayari kumbe bado sana. Saa tatu usiku tunaletewa maharage ambayo ukimrushia mtu anaumia, na wali wenye kiini. Wapishi wa mlimani hawahangaiki kabisa na maharage makavu, wanapika supu, ndizi, tambi, viazi. Mtungi wenyewe wa gesi ukaisha katikati, tukaanza kupita kwa majirani kuomba moto kama wapangaji.

Haya, hayo yote ningeyameza. Nisingefungua hata uzi. Hema bovu nakufa nalo kiume, maharage mabichi nimekula sana bodingi. Kilichonileta hapa ni SPIKA.

Kulikuwa na grupu lingine pembeni yetu, Waswahili wenzetu, na baadhi ya watu wa grupu letu wakahamia huko. Wamekuja na lile lispika la magurudumu lenye taa zinazozunguka. Saa moja limewashwa. Amapiano, ikaja bongofleva, saa nne ikaingia singeli. SINGELI, ukingoni mwa kreta, sehemu ambayo ni Urithi wa Dunia tangu 1979. Mi singeli naipenda, mtaani kwetu ikipigwa nachezesha kichwa, ila chini yako kuna shimo la kina cha mita 600 hivi lina simba, fisi, faru, na watu wametoka kwao wamelala kwenye nyasi ili usiku wamsikie fisi akilia na simba akinguruma kwa mbali. Wewe unawapa MC anahesabu vipaza sauti.

Kaja guide wa wageni wa hema za upande wa pili, mzee wa makamo, kwa adabu zake zote. "Ndugu zangu samahanini, tunaomba mpunguze kidogo, tuna wazee wanaamka alfajiri." Unajua walimjibu nini? "Kwani nyie ndo mmelipa peke yenu? Hii nchi yetu." Aisee niliona aibu mpaka nikazima tochi. Nchi yetu ndo nini? Yule guide katoka wapi, Ureno? Na fisi je, sio wa nchi yetu? Halafu hao hao wakirudi mjini wanakuwa wa kwanza kuandika utalii wa ndani oyee.

Askari wa hifadhi akaja, nampa heko zake, kaongea sentensi mbili spika ikazimwa. Kageuka tu kaondoka, dakika kumi, imewashwa tena kwa sauti ya "chini", ile ya chini ambayo besi inatikisa kikombe changu. Mpaka saa saba usiku.

Lingine ambalo ni la hatari kabisa. Pale tuliambiwa mara mbili tatu, chakula msiingize kwenye hema, hakuna uzio, wanyama wanapita. Kempu za Seronera kule Serengeti majiko yamejengewa nondo na wavu, wapishi wanapikia ndani na chakula kinafungiwa humo, sio urembo ule, kuna fisi. Sasa dada mmoja wa kwetu kaficha mbuzi choma kwenye begi, anasema atakula asubuhi. Usiku nguruwe pori wamekuja kunusa, wanakoroma mlangoni kwake, kelele alizopiga mpaka spika ikanyamaza yenyewe, hilo peke yake nilishukuru. Nguruwe wakakimbia wamepita na kamba za hema langu, na nina pegi tatu, hesabu unaijua.

Na tembo. Dume moja kubwa lilikuja jioni kunywa maji kwenye tenki, hii pale Simba sio ajabu. Wakuu, kile kitu ukikiona kwa karibu huwezi kukieleza vizuri. Amekuja kimya, hiyo miguu yote haisikiki, tumestukia tu amesimama. Kapandisha mkonga juu ya ukingo wa tenki, umezama, ukasikia maji yanavutwa, akaukunja akajimiminia mdomoni, mengine yanachuruzika kidevuni, anarudia taratibu kama hana haraka na maisha. Ngozi ya goti ina tope kavu imepasukapasuka. Nimesimama na kikombe cha chai mkononi, hata kupuliza nimesahau. Nikawa nawaza, hii ndo pesa yangu imekwenda hapa, hata hilo hema limerudi bei.

Afu katokea jamaa kutoka kwetu, flashi imewaka, kamsogelea mpaka kama hatua kumi hivi, anapiga mluzi. Mwingine KAMRUSHIA NDIZI. Tembo akageuka, masikio yakafunguka yote, kichwa kikapanda juu. Mnaojua tembo mnajua hapo ilibaki nini. Askari kapiga kelele, watu wametawanyika, mmoja kaacha ndala. Tembo kashusha kichwa kaondoka zake, ana akili kuliko sisi. Na yule jamaa unajua anasema nini, "umeirekodi?"

Sasa mtaniuliza kwanini bado napenda haya mambo. Alfajiri niliamka nimeloa, shingo imekaza, nasikia sauti karibu kabisa na sikio, kwa nje ya kitambaa, mtu kama anachana nguo kidogokidogo. Nachungulia kwenye pini za nepi, pundamilia. Anang'oa majani pembeni ya kichwa changu, nasikia mpaka meno. Wako kama ishirini wametapakaa katikati ya mahema, wengine wanakanyaga kamba wala hawana habari. Wale wa spika wamelala fofofo, hawakuziona hata kwato. Kreta yote imejaa ukungu mpaka juu, nyeupe tupu, jua likapanda, ukungu ukaanza kupasuka vipandevipande, ziwa Magadi likatokea linang'aa kule chini. Mpishi kaninyooshea chai ya tangawizi, ile ilikuwa sawa, ile niliinywa na kikombe chenye moshi bila kulalamika.

Hata kero za porini zina raha yake. Tumeshuka kreta, mchana tunakula Ngoitokitok pale kwenye bwawa la viboko, dereva katuambia kulieni ndani ya gari kuna mwewe. Kaka mmoja katoka nje anataka selfi na paja la kuku. Mwewe kashuka kutoka nyuma, paja hamna, kidole kina mchubuko, na picha aliyopiga ina bawa tupu. Tumecheka mpaka Karatu. Mwewe simlalamikii, ile ni kazi yake.

Ila waipsi, zile tishu zenye unyevu za kujifutia, nyuma ya kichaka ni kazi ya nani? Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, tumeizoea, vizuri. Sasa watu wamehamia kwenye sahani za kutupa, chupa za maji na waipsi. Wengi wanadhani waipsi ni karatasi, zile nyingi zina nyuzi za plastiki ndani, haziozi leo wala kesho. Vyoo vipo hatua chache, mtu anaona giza anaishia kichakani na anaacha bendera. Asubuhi mi na yule mpishi ndo tunaokota, mwandaaji anapiga picha za bango la tripu nyingine.

NYONGEZA: Naona mshaanza. Mnaosema "si ungelala lodge", lodge nakwenda nikiwa na hela na wakwe. Nimesema sijakataa baridi, nimekataa kulipishwa kigodoro ambacho hakipo. Na anayesema nina wivu na watu wanaokula bata, mkuu kula bata lako ila vaa iafoni, masikio ni yako peke yako.

Nimemwandikia mwandaaji anirudishie angalau hela ya hema. Jibu lake: hela hairudi ila atanipa punguzo nikienda naye Nanenane. Punguzo la kwenda kunyeshewa tena.

Kwa wanaotaka kwenda, kabla hujatuma hela omba picha ya hema lenyewe utakalolala, sio la bango, limesimamishwa na turubai lake juu. Uliza kigodoro unene gani na slipingibegi ni ya baridi ipi, akianza kukuita "boss wangu usijali" kimbia. Beba blanketi lako, soksi kavu za kulalia, na uulize wazi kama spika inaruhusiwa kwenye grupu lao.

Na mwenye kujua sehemu hapo Arusha wanakodisha mahema yenye pegi zote na zipu inayofunga, anitupie huko inbox, mwezi wa tisa nataka kurudi na watu wangu wanne tu. Wa spika msije inbox, tutukanane hapahapa.