Plagi zipi zinafaa Mazda MX-5 ya 1991: nifuate kitabu au nifunge za iridiamu?

Swali

Ndugu wapenzi wa magari, nawasalimu. Nina Mazda MX-5 ya mwaka 1991 yenye injini ya lita 1.6, ambayo niliipata ikiwa imekaa muda mrefu bila kutumika. Nimekwisha kubadilisha oili, chujio la hewa na bomba zima la moshi, ambalo sasa ni pana kidogo kuliko lile la awali, na kilichobaki ni plagi. Injini huwaka vizuri na hutulia gari likiwa limesimama, lakini ikifika mizunguko 4,000 kwa dakika wakati wa kupanda mlima humisi kana kwamba silinda moja imegoma. Nilipofungua plagi nilikuta tatu zina rangi ya kahawia iliyopauka, na ya silinda ya 4, ile ya nyuma kabisa, imelowa oili.

Kitabu cha gari kinataja NGK BKR5E-11 na BKR6E-11. Rafiki yangu anayeshiriki mashindano ananishauri nifunge za iridiamu zenye namba 7 (mahali pa ile 5 au 6 ya kwenye majina hayo), kwa hoja kwamba gari la spoti linataka plagi baridi na kwamba iridiamu huongeza nguvu. Je, nimsikilize yeye au kitabu? Na je, plagi mpya zitaondoa huku kumisi?

Jibu la kwanza

Ndugu, kabla hatujafika kwenye namba, tueleze jambo moja: oili hiyo uliiona kwenye ncha, yaani upande unaoingia ndani ya silinda, au juu, kwenye kauri nyeupe na ndani ya kofia ya plagi? Haya ni magonjwa mawili tofauti kabisa. Oili ya kwenye ncha imepita kwenye ringi za pistoni au kwenye sili za valvu, na hakuna plagi itakayoitibu. Oili ya juu imevuja kwenye gasketi ya kifuniko cha valvu ikajaa kwenye shimo la plagi, nayo hulainisha mpira wa kofia mpaka umeme ukapata njia ya mkato kwenda kwenye chuma cha injini badala ya kuruka kwenye ncha. Dalili zako zinanielekeza huko, kwa sababu silinda inapojaa hewa na petroli kwa wingi, volti zinazohitajika kuruka pengo lile lile la kati ya ncha mbili za plagi huongezeka, na penye udhaifu ndipo umeme unapotorokea.

Sasa namba. Wengi hudhani plagi baridi hutoa cheche yenye ubaridi, ilhali namba haihusu cheche hata kidogo. Inahusu jinsi kauri ya ncha inavyopeleka joto kwenye silinda hedi: kauri fupi hupoa upesi, ndefu hukaa na joto lake. Ncha inatakiwa ivuke takriban nyuzijoto 450 hadi 500 za Selsiasi ili iunguze masizi yenyewe, lakini isivuke kama 800, kwa kuwa hapo huanza kuwasha petroli kabla ya wakati wake na pistoni inaweza kutoboka. Namba 7 kwenye injini isiyo na taabo (mashine ya kusukumia hewa ndani ya silinda), ambayo muda mwingi inaendeshwa kwa utulivu barabarani, itabaki chini ya kiwango cha kujisafisha, na haitachukua muda kabla hujaona plagi zote nne zimekuwa nyeusi tii. Bomba pana na chujio jipya havipandishi joto la ndani ya silinda kiasi cha kudai namba nyingine. Rafiki yako hajakosea kwa gari lake, maana anayekanyaga mafuta hadi mwisho kwa muda mrefu bila kupumzika anatafuta njia ya kuondoa joto. Wewe funga 6, au 5 ikiwa safari zako ni fupi na injini mara nyingi haipati joto vizuri.

Jibu la pili

Naongezea kuhusu madini. Plagi tunayoiita ya shaba si ya shaba kwenye ncha; shaba iko ndani, kwenye kiini, kama ilivyo kwa karibu plagi zote za kisasa, na kinacholiwa na cheche ni aloi ya nikeli. Iridiamu huyeyuka karibu na nyuzijoto 2,446 wakati nikeli huyeyuka kwenye 1,455, ndiyo maana inaweza kufanywa nyembamba hadi milimita 0.6 au hata 0.4 bila kuliwa upesi, na ncha nyembamba hudai volti chache zaidi. Faida utakayoipata ni umri mrefu na uwakaji wa uhakika, hasa injini ikiwa baridi. Nguvu za farasi haziongezeki kwenye injini ambayo tayari inawaka sawasawa.

Kwa gari lako hasa kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Injini hiyo ina koili mbili kwa silinda nne: silinda ya 1 na ya 4 hupata cheche kwa pamoja, vivyo hivyo ya 2 na ya 3, moja ikiwa kwenye mgandamizo na mwenzake akiwa anatoa moshi, ambako cheche hupotea bure. Umeme unapita kwenye plagi zote mbili kabla ya kumaliza mzunguko wake, hivyo kwenye moja huruka kutoka katikati kwenda pembeni, na kwenye nyingine huruka kinyume. Plagi yenye iridiamu au platinamu kwenye ncha ya katikati pekee, huku ile ya pembeni ikiwa nikeli tupu, italiwa upande usio na kinga kwenye silinda mbili kati ya nne. Ukitaka zidumu, chagua zenye madini magumu pande zote mbili. Mimi mwenyewe hubaki na nikeli na kuzibadilisha mapema, kwa kuwa kuzifungua kwenye injini hii ni kazi ndogo na kila nikizifungua napata habari za injini.

Jibu la tatu

Tahadhari kwa wenye magari mengine wanaosoma mjadala huu: namba za kampuni hazielekei upande mmoja. Kwa NGK na Denso namba ikipanda plagi inazidi kuwa baridi, kwa Champion na Bosch ikipanda inazidi kuwa moto. Mimi nina MGB, gari la spoti la zamani la Kiingereza, ya kabureta inayotumia NGK BP6ES, ambayo kwa Champion inalingana na N9Y, na nusura nitafute Champion ya namba 6 nikidhani ndiyo hiyo hiyo. Pengo nalo haliazimwi kutoka gari moja hadi jingine: langu ni karibu milimita 0.6, kwani mfumo wake wa koili na platini hauna nguvu ya kuvusha cheche mbali, wakati ile 11 mwishoni mwa jina la plagi zako ni milimita 1.1. (Platini ni ile ya kukatia umeme ndani ya distribyuta, si platinamu ya ndugu hapo juu.)

Muulizaji

Nimerudi kuangalia kwa tochi. Ncha ya plagi ya 4 ni kavu na ina rangi sawa na wenzake. Oili iko juu, na mpira wa kofia umevimba na kulainika.

Jibu la kwanza

Basi anza na gasketi ya kifuniko cha valvu, kisha seti nzima ya waya pamoja na kofia zake, maana mpira uliokwisha kunywa oili haurudi hali yake. Ifyonze oili yote kwenye shimo kabla ya kulegeza plagi, la sivyo itamwagikia ndani ya silinda. Fanya kazi injini ikiwa imepoa, kwa sababu silinda hedi ni ya aluminiamu na nyuzi za skrubu zake huharibika kirahisi ikiwa ya moto. Pima pengo hata kama plagi ni mpya, liwe kati ya milimita 1.0 na 1.1, kwani huenda moja iligongwa ikiwa ndani ya boksi. Anza kuikaza kwa kuishika na kipande cha mpira wa mafuta. Ikiingia vibaya mpira utateleza wenyewe kabla hujaharibu kitu. Malizia kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kati ya nyutonimita 15 na 23, na usipake grisi kwenye nyuzi, maana hukudanganya ukakaza kupita kiasi.

Muulizaji

Nimefunga BKR6E-11 za nikeli, gasketi na waya mpya, na gari limepanda mlima ule ule hadi mizunguko 6,500 bila kumisi. Baada ya kilomita 500 nitazifungua tena kusoma rangi, na nitazima injini mara tu baada ya kupanda badala ya kuiacha iungurume, ili masizi ya kuunguruma yasifunike rangi halisi.